Mganga na Mwalimu Wafundishwe Kumtambua Mtoto Anayeumizwa

Mtoto wa miezi mitatu hatambai. Akiletwa zahanati amevunjika mkono, na aliyemleta akasema ameanguka akicheza, maelezo hayo hayaingii akilini. Vivyo hivyo mtoto aliyeungua miguu yote miwili, na alama ya moto imekatika sawasawa kama soksi. Maji yakimwagika kwa bahati mbaya huacha michirizi na matone huku na huku. Alama iliyokatika hivyo yatutia shaka kwamba mtoto amechovywa. Muuguzi aliyefundishwa huiona tofauti hiyo. Asiyefundishwa hupaka dawa, huandika "ajali", na mtoto hurudi kulekule. (Watoto wengi huungua kwa ajali kweli, na mama anayefika akilia asihukumiwe mlangoni.)

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao walikuwa na mwalimu, na walipougua walikuwa na mganga.

Hapa Mara tuna na ukeketaji, ambao tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai kumfanyia msichana aliye chini ya miaka 18. Mwalimu wa Butiama au Bunda afundishwe kumsikiliza msichana anayekosa raha likizo ya Desemba inapokaribia. Siku hizi wengine hukeketwa wakiwa wachanga, kwa siri, na hao mwalimu hawaoni. Anayewaona ni muuguzi wa kliniki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa serikalini. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na simu 116 ni bure. Mbona basi watu hunyamaza? Sisi twaona ni woga kuliko ujinga. Muuguzi anateka maji kisima kimoja na ndugu wa mtuhumiwa, na kesi imekwisha kumalizwa nyumbani kwa ng'ombe. Kwa hiyo semina ya siku moja mjini Musoma, kwa mganga mfawidhi peke yake, haitoshi. Wafundishwe wote kituoni, pamoja na mhudumu anayefagia, na wapangiane nani atapiga simu, nani ataandika, ili mzigo usimwangukie mmoja.

Tena wakumbushwe saa. Mtoto aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla ya saa 72 kupita. Akitoka kijiji cha mbali, kisha akarudishwa polisi kutafuta PF3 kabla hajaguswa, saa hizo zinakwisha njiani. Atibiwe kwanza, fomu afuate mtu mzima.