KONA YA FAMILIA: Makaburi yetu tumwachie nani?



Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi tunalikwepa: makaburi. Hapa hapa Uganda, pale Nyabyeya wilayani Masindi, kuna makaburi ya wakimbizi waliotutangulia. Hawakutoka Kongo wala Sudani. Walikuwa Wapolandi. Kuanzia mwaka 1940 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walipitia Irani, wakapanda meli hadi Mombasa, halafu gari-moshi. Walianza kufika Uganda mwaka 1942. Wengi walikuwa akina mama na watoto, maana wanaume walikuwa vitani. Walijenga kanisa, wakafungua shule, wakalima. Na wengine walikufa, wakazikwa palepale.

Kambi ile ilifungwa mwaka 1948. Watu wakatawanyika: Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi yakabaki na majani. Lakini hayakupotea, kwa sababu yalijengwa kwa saruji. Kanisa lao wenyeji wanasali ndani mpaka leo, na baadaye watu kutoka Poland wakaja kuyatengeneza makaburi.

Na sisi je? Misalaba yetu ni ya miti. Mchwa hana huruma: mvua za miaka miwili tu, jina limekwisha. Juzi mama mmoja alizunguka nusu siku akitafuta kaburi la mtoto wake. Alikosa. Tulirudi naye nyumbani, hakuna aliyekuwa na neno. Tena familia zinapata safari ya ng'ambo, zinaondoka, na yule aliyejua "hapa amelala fulani" anaondoka na habari hiyo kichwani.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari: jina la marehemu, mwaka, mstari wa ngapi, kaburi la ngapi. Pili, vijana tutoke Jumamosi moja kila mwezi na majembe na mapanga; Mkristo akate majani kwa Mwislamu, na Mwislamu kwa Mkristo. Tatu, wewe unayesafiri, usiondoke bila kumwonyesha jirani kaburi lako. Mshike mkono, mfike wote wawili.

Siku moja mjukuu atakuja kuuliza. Tusimjibu kwamba hatujui.

Mbaki na amani.