Historia ya Ukoloni Ifundishwe Ili Kuung'oa Ubaguzi

Wapo Wakenya ambao, wakizozana dukani na Mkenya mwenzao mwenye asili ya Kihindi, hukimbilia kumwambia, "Rudini kwenu!" Wapo pia wenye maduka wanaomwita mzee wa Kiafrika mwenye wajukuu "boi". Kauli hizi mbili hutoka vinywani mbalimbali, lakini mama yao ni mmoja, nao ni ukoloni. Ni maoni yangu kwamba shule zetu hazijamtambulisha mama huyo ipasavyo.

Aghalabu mwanafunzi hufunzwa kwamba reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Hukariri sababu za ujenzi huo, akaziandika katika mtihani, kisha akazisahau. Ni nadra afahamishwe kwamba miongoni mwa vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, takribani 2,500 walifariki, na wengi wa waliosalia walirejea makwao mikataba ilipokwisha. Wala hachambuliwi kwa kina jinsi serikali ya kikoloni ilivyoipanga jamii mfano wa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara, shule, hospitali na makazi vilifuata rangi ya mtu. Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni. Mhindi naye alizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, hivyo wengi wakashikilia biashara. Matokeo yake ni kuwa wa chini alimwona mwenye duka aliyekuwa mbele yake, asimwone aliyeiunda ngazi.

Historia hiyo hiyo ina watu walioikataa ngazi. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alidai uhuru hadharani jijini Nairobi mnamo Aprili 1950. Alikamatwa mwezi uliofuata, akazuiliwa hadi mwaka 1961. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, alifungwa na wakoloni, kisha akauawa kwa risasi mwaka 1965 katika Kenya huru aliyoipigania. Mwanafunzi anayewajua wawili hawa vizuri atatamkaje "rudini kwenu"?

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kuwa kufukua mambo hayo ni kutonesha vidonda. Hata hivyo, mficha maradhi kilio humfichua. Chuki haingoji mtaala. Mtoto huipata nyumbani, sokoni na ndani ya matatu. Shule ikinyamaza, huwa imewaachia hao kazi ya ualimu.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini tangazo haliwezi kufuta dharau iliyojengwa kwa miongo mingi. Nasi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Maneno "kipande" na "boi" yamo katika lugha tunayoifundisha. Tunapoyaeleza darasani, tusiishie kwenye ngeli na maana; tueleze pia ni nani aliyeyatumia, dhidi ya nani, na kwa faida ya nani.