Hamada si peke yake

Makala nzuri, mwandishi, ila umemtukuza mfinyanzi wa Kijapani Hamada Shoji hadi wenzake wamefunikwa. Sifa anastahili. Mwaka 1920 alifuatana na mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach hadi St Ives, Uingereza, akarudi Japani na kuhamia Mashiko, akifinyanga vyombo vya kutumika kila siku. Mwaka 1955 serikali ilimtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa.

Lakini heshima hiyohiyo rafiki yake Kawai Kanjiro wa Kyoto aliikataa! Kawai alianza kwa kufuata mitindo ya kale ya China na Korea, akasifiwa sana, kisha akaiacha, na hata jina lake akaacha kuliandika kwenye kazi zake.

Na Yagi Kazuo je? Mwaka 1948 yeye na wenzake walianzisha kundi la wafinyanzi la Sodeisha mjini Kyoto. Mwaka 1954 akatoa "Matembezi ya Bwana Samsa": pete ya udongo iliyosimama wima, imechomoza vijibomba kama miguu ya mdudu. Imefinyangwa kwa gurudumu lilelile la bakuli, ila haiwezi kubeba hata tone la chai. Anayedhani ufinyanzi wa Kijapani ni bakuli za chai tu, aitazame kwanza hiyo, halafu tubishane.

Ombi langu: safari ijayo tuandikie kuhusu wanawake. Tsuboi Asuka alianzisha kundi la wafinyanzi wanawake Kyoto mwaka 1957, na makala yako haikumtaja hata mmoja wao.