Upi Ubaki, Upi Uende?

Mwezi wa nne mwaka huu nilihama nyumba iliyokuwa na ua mpana nikaingia katika fleti ya ghorofa ya nne hapa Nairobi. Vyombo vilipata mahali pake. Vitabu navyo, baada ya mabishano kidogo, vilipata rafu. Lililonishinda ni mimea. Nilikuwa na vyungu, ndoo kuukuu za rangi na mikebe ya mafuta ya kupikia, jumla yake 63, ilhali roshani niliyopewa haibebi zaidi ya 20. Isitoshe, mwenye nyumba alikwisha kunionya kwamba siku maji yatakapodondokea nguo za mpangaji wa chini, mimea yote itashuka ngazi.

Wenzangu kazini walinipa ushauri ambao huenda msomaji naye angenipa: weka iliyo mizuri na yenye thamani, iliyobaki itupe. Ushauri huu una sura ya busara mpaka mtu auchungue. Bei ya mmea hutuarifu jambo moja tu, kwamba yuko mtu anayeuuza. Na kinachouzwa kando ya barabara leo, aghalabu kitauzwa hapo hapo kesho.

Mathalani, nilikuwa na vyungu vitatu vya lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Wengi hudhani ni ua la ng'ambo, kumbe asili yake ni milima yetu wenyewe. Lilifika Ujerumani mwaka 1892 kwa mkono wa Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa heshima yake. Haya yanayouzwa madukani ni machotara yaliyozalishwa kwa wingi usio na hesabu. Ndugu yao wa mwituni, aliye katika msitu wa Mbololo huko Taita, hana wingi huo, na vyungu vyangu vitatu havikuwa vikimfaa kwa lolote. Niliwapa majirani siku ya kwanza, wala sikuona uchungu.

Basi swali nililojiwekea halikuwa "upi ni mzuri?" bali "nikiupoteza huu, nitaupata wapi tena?" Kwa kipimo hicho mimea ya kifahari ilianguka upesi, na mikebe yenye kutu ikapanda daraja. Humo mlikuwamo mimea ya marehemu mama yangu: asumini, mrehani wa aina mbili, kivumbasi, mkilua, na mmea mmoja ambao nitaueleza baadaye. Mama alizaliwa Mombasa, na maua kwake hayakuwa pambo la dirishani. Yalikuwa ya kikuba, ya nywele, ya kutandazwa kitandani mwa bi harusi. Alipokuja kuishi nasi Nairobi alivileta vipandikizi vyake vimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji.

Hapa ndipo nilipokosea, nami nakiri kosa kwa kuwa linahusu taaluma yangu. Wapunguzao mimea huanza kwa kuondoa pacha: kama una miwili ya aina moja, mmoja uende. Nami niliona mikebe miwili ambayo mama aliiita mrehani, nikautoa ule wenye majani membamba. Wiki mbili baadaye mama mdogo alinipigia simu kutoka Mombasa kuulizia hali ya mimea. Nilipomweleza, alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ule ndio wa kikuba. Huo uliobakisha ni wa mchuzi." Mimi niliyewafundisha wanafunzi miaka mingi kwamba jina moja laweza kubeba vitu viwili, nilidanganywa na jina moja.

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mboga tuiitayo mnavu kwa Kiswahili, Mkikuyu huiita managu, Mluo osuga, Mkisii rinagu, Mluhya lisutsa. Mtu akikusanya mbegu kwa kufuata majina, atarudi na mifuko mitano akidhani ana mali tano, na huenda ana moja. Au, kwa kuwa chini ya jina managu mna spishi zaidi ya moja, huenda ana mbili au tatu ambazo hazilingani kabisa na majina yaliyoandikwa juu ya mifuko. Jambo hili si la roshani yangu pekee. Benki yetu ya taifa ya mbegu iko Muguga tangu mwaka 1988, na kila hifadhi ya namna hiyo duniani hukabiliwa na swali la pacha, kwa maana nafasi ya ubaridi na mishahara ya watunzaji vina mwisho. Nathubutu kusema kwamba anayeingia huko na kalamu nyekundu pasipo mtu ajuaye lugha za waliotoa mbegu atafanya niliyoyafanya mimi kwa mrehani, ila kwa hasara kubwa zaidi.

Hata hivyo, siungi mkono wale wanaosema tusipunguze chochote. Mmea si picha ya kutundikwa ukutani. Usipolishwa wala kumwagiwa maji, hufa, na ukifa katika mkebe wa mama hauwi ukumbusho wa mama. Mkilua wangu ulikuwa mfano. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipoipa mti huu jenasi yake katika orodha ya sayansi, hakutafuta neno la Kilatini. Alichukua jina la Waswahili likiwa zima, akauita Mkilua fragrans. Kwa mtu wa isimu hakuna mmea wenye heshima kuliko huu, na ningeweza kuung'ang'ania kwa fahari tupu. Lakini ni mti wa misitu ya pwani. Kila baridi ya mwezi wa saba ilipoingia Nairobi uliangusha majani, na kwa miaka sita haukutoa ua hata moja. Nilikuwa nikiuweka kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Nimeupeleka Kilifi kwa dada yangu, kwa basi la usiku, mkebe ukiwa miguuni pangu. Mama mdogo naye ameahidi kunitafutia mbegu za mrehani wa kikuba kwa mwanamke mmoja auzaye maua, hajampata bado.

Mahali pa mkilua rafuni nimeuweka ule mmea nilioahidi kuueleza. Una majani madogo yenye manyoya na ua jeupe lisilo na harufu. Mama aliuita ua la mkunga, kwa kuwa alipewa na mkunga aliyemzalisha. Jina hilo sijalikuta katika kamusi yoyote, wala mama mdogo halijui. Jumamosi nitakata vipandikizi vitatu. Kimoja atapewa mpangaji wa chini, aliyekwisha kulalamika kuhusu maji.