Uza mkonga, usiuze picha ya mkonga

Leo naongea na wenzangu tunaouza vifaa vya magari WhatsApp na Facebook, hasa huku Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro. Kuna bidhaa mbili zinaulizwa sana: mkonga wa pikapu, na ile pua ya kuweka juu ya boneti. Msimamo wangu ni huu: kama kifaa ni urembo, andika UREMBO. Kama kinafanya kazi, kiuze pamoja na maelezo ya kukifunga. Ukinyamaza, umemdanganya mteja.

Tuanze na boneti. Hilux D-4D yenye injini ya 1KD ina intakula, kile kipoza hewa, juu ya injini. Ndiyo maana kiwandani waliitoboa boneti wakaweka pua, upepo uingie upoze hewa inayotoka kwenye turbo. Sasa chukua pua ya kubandika kwa gundi, iweke kwenye Land Cruiser ya 1HZ, ambayo kiwandani haikuwekewa turbo wala intakula. Umebandika plastiki juu ya bati lisilo na tundu. Gari inapendeza, basi. Kuuza urembo si kosa, watu wanapenda gari ionekane. Kosa ni kuandika "inaongeza nguvu ya injini".

Mkonga ndio wenye hatari. Kazi yake ni kuvuta hewa usawa wa paa, ambako vumbi la matairi limepungua na maji hayafiki haraka. Huku kwetu hiyo si anasa. Kiangazi pikapu inabeba mawe kutoka duarani mpaka kwenye karasha, siku nzima ndani ya vumbi. Mvua zikianza, barabara hiyohiyo inakuwa madimbwi na vijito.

Sasa mkonga ukifungwa nje tu, bila kuunganishwa na boksi la chujio la hewa, injini inaendelea kuvuta hewa ya chini kama zamani. Dereva anauona mkonga, anajiamini, anaingia kwenye maji. Maji hayabanwi kama hewa: yakiingia kwenye silinda, konrodi inapinda. Hapo mteja hajapoteza hela ya mkonga tu. Kapoteza injini, na kazi imesimama.

Kwa hiyo kabla hujapokea hela:

1. Uliza gari gani, mwaka gani, injini gani. Mkonga wa Hilux Vigo usimpe mwenye Revo, ile iliyoanza 2015. Fenda zao ni tofauti, na fenda ikishatobolewa imetobolewa.

2. Piga picha kila kilichomo: mkonga, mpira wa kuunganisha, klempu, nati, karatasi ya kupimia matundu. Kama kuna kinachokosekana, sema.

3. Mwambie fundi azibe kila kiungo mpaka kwenye boksi la chujio, na apake rangi kingo za bati alizokata zisile kutu.

4. Sema ukweli wote: chujio bado linatakiwa kukaguliwa kila mara, na mkonga haugeuzi gari kuwa mtumbwi.

Kuna atakayesema, "Ukieleza sana mteja anaghairi." Kweli, wapo wanaoghairi, wanaenda kwa asiyeuliza maswali. Waache waende. Madereva wa machimboni wanapaki pamoja na kula kwa mama ntilie mmoja. Gari moja ikifia kwenye maji, kabla ya jioni wote wanajua mkonga ulinunuliwa kwa nani. Wengi wetu hatuna hata fremu, mtaji wetu ni jina.

Leo kapitie posti zako. Umeandika kifaa kinafanya kazi gani na kinaingia gari gani, au umeandika "bei njoo inboksi" tu? Tuambie kwenye komenti.