Muhuri wa Mpakani Haufuti Siku

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa wageni wa muda mrefu karibu kila nchi, kuanzia Wazungu waliohamia Arusha hadi vijana wetu wanaobeba boksi Ulaya. Siku zako zikikaribia kwisha, usihangaike na ofisi za uhamiaji. Panda basi, vuka mpaka, kunywa chai upande wa pili, gongewa muhuri, rudi. Hesabu inaanza upya.

Haianzi. Na wanaotoa ushauri huo kwa kujiamini hawajawahi kumrudishia nauli mtu aliyezuiwa mpakani.

Ulaya ndiko uongo huu unakoanguka haraka zaidi, kwa sababu sheria haina maneno mengi. Katika nchi 29 za Schengen, mgeni wa muda mfupi haruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180, na viza yake inaweza kumpa pungufu ya hapo. Wengi wanadhani siku hizo 180 huanza siku ya kuingia, kisha hufutwa siku ya kutoka. Sivyo. Afisa huhesabu kurudi nyuma, kuanzia siku mgeni anaposimama mbele yake, na kesho yake hesabu husogea siku moja mbele. Tuchukue mtu aliyeingia Paris tarehe 1 Januari 2025 na kutoka tarehe 31 Machi. Amemaliza siku zake zote 90, maana siku ya kuingia huhesabiwa na ya kutoka pia. Akienda Istanbul kutembea na kurudi tarehe 3 Aprili, hana hata siku moja. Angalau asubiri hadi tarehe 30 Juni, siku zake za Januari zinapoanza kudondoka moja moja kwenye hesabu. Mihuri minne ya Uturuki haibadilishi kitu hapo.

Zamani mjanja aliweza kutegemea muhuri uliofifia au afisa mchovu asiyetaka kufunua kurasa zote. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kutumia mfumo wa kompyuta unaorekodi kila mgeni wa muda mfupi anayeingia na kutoka, pamoja na picha ya uso na alama za vidole. Mashine haichoki kuhesabu.

Watetezi wa boda, yaani huko kuvuka mpaka na kurudi, watasema Ulaya ni wakali tu, nenda Thailand. Haya, twende Thailand, maana huko ndiko mtindo huu ulikofanywa biashara kamili. Kwa miaka mingi mabasi madogo yaliondoka alfajiri Chiang Mai yakiwa yamejaa wageni, yakafika Mae Sai, abiria wakavuka kwa miguu daraja fupi kuingia Tachileik upande wa Myanmar, wakazungukazunguka sokoni, wakarudi na muhuri mpya kabla ya jua kuzama. Mchezo ulikuwa rahisi, na serikali iliuona. Mwaka 2006 ilijaribu kuubana, ikaubana tena mwaka 2014, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2016 wanaoingia bila viza kwa njia ya nchi kavu wakawekewa kikomo cha mara mbili kwa mwaka. Aliyepanga maisha yake juu ya daraja lile alijikuta hana pa kukanyaga.

Kichekesho ni kwamba njia halali ilikuwepo muda wote, mjini kwenyewe. Fomu, picha, nakala za pasipoti na ada ya baht 1,900 humpatia mgeni wa matembezi siku 30 za nyongeza, akikubaliwa. Foleni ipo, ndiyo. Lakini ukijumlisha nauli, chakula na siku nzima inayopotea barabarani, sijui ni nani aliyewahi kuamini kwamba basi ndilo nafuu.

Jambo ambalo mashabiki wa boda hawalitaji kabisa ni hili: kuvuka mpaka kunaweza kukupokonya ulichonacho. Thailand hiyohiyo, mstaafu aliyepewa nyongeza ya mwaka mzima akitoka nchini bila kuchukua kwanza kibali cha kurudi, ambacho ni baht 1,000 kwa safari moja, nyongeza yake inakufa pale pale anapogongewa muhuri wa kutoka. Alikwenda kuongeza siku, kumbe anakwenda kuzizika.

Marekani ni pabaya zaidi. Kwanza watu huchanganya tarehe mbili: iliyo kwenye viza ni ya kuingilia, ya kukaa iko kwenye rekodi ya kuingia iitwayo I-94. Mtu ana viza ya miaka kadhaa, anajiona yuko salama, kumbe ruhusa ya kukaa ilikwisha baada ya miezi sita. Hata aliyebakiwa na siku, akienda Canada wiki moja akarudi, mara nyingi huruhusiwa siku zilezile zilizobaki. Na kama amekwisha kuzamia, sheria ya mwaka 1996 inamngoja mlangoni. Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka mwenyewe hufungiwa miaka mitatu. Aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka kumi. Adhabu hiyo huanza anapotoka. Kumwambia mtu wa namna hiyo akasafishe makaratasi mpakani ni kumsukuma shimoni.

"Mbona fulani amefanya hivyo miaka minne?" Jibu ni moja kila siku. Fulani alikutana na maafisa waliomhurumia au waliopuuza, na huruma ya afisa si haki ya mgeni. Wale waliorudishwa hawasimulii vijiweni.

Serikali nazo hazina usafi wa kujivunia. Ofisi inayomwambia mgeni arudi kesho mara tatu kwa sababu ya nakala moja inampeleka yenyewe kituo cha basi. Hilo linaeleza kwa nini watu wanavuka, lakini haliwapi siku hata moja ya ziada.

Kwetu Afrika Mashariki, raia wa jumuiya hupewa pasi ya bure ya hadi miezi sita, na hapo ndipo wengi hujisahau. Pasi ile ni ya kutembea. Mkenya anayeanzisha biashara Mwanza au kuajiriwa Dodoma anahitaji kibali, A kwa mwenye biashara, B kwa mwajiriwa, hata kama anavuka Sirari kila mwezi. Anayetegemea Namanga akumbuke pia kwamba tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, afisa wa Kenya na wa Tanzania wanafanya kazi chini ya paa moja. Anayegonga muhuri wa kutoka na anayegonga wa kuingia wametenganishwa na hatua chache tu, na pasipoti iliyojaa safari za nusu saa inasomeka kirahisi kwa wote wawili.