Shada la Mashujaa Litokalo Uani

Mwezi wa Julai uingiapo, baridi huwa imekwisha tanda Lilongwe. Mahindi yamekwisha vunwa, nyasi zimekauka, na asubuhi watoto huenda shuleni wamejikunyata ndani ya masweta. Ndiyo majira ambayo jamaa wasemao Kiswahili, walioko mjini humo na walioko katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka mjini, hukutana na kumbukumbu tano za mataifa katika muda usiotimia wiki nne. Tarehe 30 Juni ni siku ya Uhuru wa Kongo, uliopatikana mwaka 1960. Tarehe 1 Julai ni ya Burundi na Rwanda, nchi zilizopata uhuru siku moja mwaka 1962. Tarehe 6 Julai ni ya wenyeji, Wamalawi, ambao bendera yao ilipandishwa mwaka 1964. Kisha tarehe 25 Julai Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa.

Katika siku kama hizi shada la maua lina mahali pake. Lipo shada lipambalo mlango au ukuta wa darasa kwa furaha, na lipo liwekwalo kwa heshima ya waliokufa. Huko Tanzania, kila tarehe 25 Julai, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi akaweka sime, na kiongozi wa mabalozi akaweka shada la maua. Huko Malawi, mwezi wa Novemba, mashada huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu mjini Lilongwe kwa ajili ya askari waliokufa vitani, na miongoni mwao ni wale wa kikosi cha King's African Rifles waliopelekwa hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili.

Mashada ya dukani mengi ni ya plastiki, na bei yake si ya mshahara wa askari wa kawaida, sembuse mkimbizi. Lakini wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Shada zuri laweza kutengenezwa kwa vitu vinavyotupwa uani baada ya mavuno, kwa mabaki ya nguo ya fundi cherehani, na kwa kazi ya alasiri mbili. Tena, duara moja likisukwa vizuri laweza kutumika katika sikukuu zote tano, kwa kubadilisha utepe tu.

VIFAA

Kwa shada moja lenye upana wa sentimita 40, yaani kiasi cha sinia la wastani, hivi vyatosha:

Waya mgumu kidogo, urefu wa sentimita 140. Kipande cha waya wa uzio kilichobaki chafaa. Asiye na waya atumie fito changa mbili zinazopindika bila kuvunjika.

Nyasi kavu za kuezekea, kiasi cha mikono miwili iliyojaa.

Kamba nyembamba ya katani, au vipande virefu vilivyokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli.

Maganda ya mahindi, yale laini ya ndani, yatokayo katika mahindi yapatayo 20.

Rangi ya unga ya kutia vikapu na mikeka, nyekundu na kijani. Nyeusi hupatikana bure, kama itakavyoelezwa.

Mabaki ya kitambaa, sindano, uzi imara na mkasi.

KUTENGENEZA DUARA

Waya upindwe kuwa duara, na ncha zake zipishane kwa kiasi cha sentimita 14, kisha zizungushwe moja juu ya nyingine. Ncha kali zikunjwe kwa ndani zisimchome mbebaji. Halafu nyasi zipangwe kuuzunguka waya, kidogo kidogo, unene wa kidole gumba na zaidi, huku kamba ikizungushwa kwa nguvu kila baada ya upana wa vidole viwili. Kila fungu jipya la nyasi lianzie katikati ya lile la kwanza, ili pasiwe na mahali pembamba. Duara likimalizika, litikiswe kwa mkono. Likilegea, kamba haikukazwa. Yafaa kufungua na kuanza tena, kwa maana ua zuri juu ya duara legevu halidumu hata nusu saa ya upepo wa Julai.

KUTIA RANGI NA KUFUNGA MAUA

Maganda ya mahindi yalowekwe katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi hadi yalainike. Yagawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza lichemshwe katika rangi nyekundu na la pili katika kijani, kila moja kwa robo saa, kisha yaanikwe kivulini. Jua kali huyakunja na kuyapausha. Sufuria ya rangi isirudishwe katika mapishi.

Fungu la tatu ni la rangi nyeusi. Masizi yakwanguliwe chini ya sufuria ya kuni, yapondwe yawe laini, yachanganywe na uji mwepesi wa unga, na maganda yapakwe pande zote mbili kwa kitambaa. Uji hushikilia masizi yasichafue mikono yanapokauka.

Kila ua hutaka petali sita zenye urefu wa sentimita saba. Kwanza kitambaa kidogo kifinyangwe kuwa kidonge, kifunikwe kwa ganda na kufungwa uzi shingoni. Hicho ndicho kiini cha ua. Petali zipangwe kukizunguka, tatu kwanza, kisha tatu nyingine katika nafasi zilizobaki, na zote zifungwe kwa uzi huo mmoja. Petali zikiwa bado na unyevu, zikunjuliwe nje kwa kidole gumba. Ua likikauka litabaki hivyo.

Maua 18 yanatosha kulizunguka duara lote. Kwa shada la Malawi, matano meusi yakae juu, manane mekundu yagawanywe pande mbili, manne kwa manne, na matano ya kijani yakae chini. Ndio mpangilio wa bendera yenyewe kutoka juu kwenda chini. Weusi ni watu wa Afrika, wekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya uhuru, na kijani ni ardhi na mimea yake. Juu ya maua meusi lishonwe nusu duara la kitambaa chekundu, mfano wa jua linalochomoza. Jua la bendera lina miale 31. Kwenye shada miale saba yatosha.

Hapa pana tahadhari mbili. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Malawi ilitumia bendera nyingine, yenye jua zima jeupe katikati, kabla ya kuirudia ile ya mwaka 1964. Mwenye kunakili asichukue mfano kutoka katika picha ya miaka ile. La pili ni kubwa zaidi: bendera halisi isikatwe kamwe kufanywa pambo, hata ikiwa imechakaa. Malawi inayo sheria iilindayo bendera, na mkazi mgeni hapaswi kujiingiza matatani kwa sababu ya mkasi. Rangi zitoke katika vitambaa vya kawaida.

Mwenye kupenda majani mabichi aongeze matawi machache ya msonobari yaliyopunguzwa katika ua wa nyumba. Yupo pia ule mti wa bustanini ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu kabisa wakati wa baridi. Hupendeza sana, ila utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho. Kikonyo chake kikikatwa kichovywe mara moja katika maji ya moto ili utomvu ukome, na mikono ioshwe. Katika Dzaleka, mahali ambapo kuni ni shida ya kila siku, mti usikatwe kwa ajili ya pambo. Wala tawi lisichumwe katika miti ya makaburini, iitwayo manda kwa Kichewa. Wenyeji huiheshimu miti hiyo, na aiharibuye huonekana amewavunjia heshima wafu wa kijiji kizima.

UTEPE NDIO UNAOBADILIKA

Duara likiwa tayari, kazi iliyobaki ni tepe. Kila utepe uwe na upana wa sentimita sita na urefu wa sentimita 60, upindwe kingo, na ufungwe chini ya shada ili ncha mbili zining'inie. Kongo ni buluu, nyekundu na manjano. Burundi ni nyekundu, nyeupe na kijani. Rwanda ni buluu, manjano na kijani. Malawi ni nyeusi, nyekundu na kijani. Tanzania ni kijani, manjano, nyeusi na buluu. Sikukuu moja ikipita, utepe wake ufuliwe, ukunjwe na kuhifadhiwa, na mwingine uchukue nafasi yake. Maua yaliyokwisha fungwa yabaki. Nyeusi, nyekundu na kijani haziwi ngeni katika nchi yoyote kati ya hizo.

Pengine mtu atauliza kama inafaa duara moja kuvaa tepe za mataifa matano. Jibu lake limo katika tukio la mwezi wa Novemba 2018. Askari wa Malawi na wa Tanzania, wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wakipigana bega kwa bega dhidi ya waasi wa ADF karibu na Beni, mashariki mwa Kongo. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya asiweze kwenda. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimwendea chini ya risasi, akamburuta hadi mahali pa kujisitiri, akaanza kumfunga jeraha. Hapo ndipo naye alipopigwa risasi. Koplo Omary alipona, Chitete alifariki. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia marehemu nishani ya ushujaa uliopita kiasi, iitwayo kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye aliokoa mamia ya watu nchini Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa huko.

Mmalawi alikufa katika ardhi ya Kongo akimwokoa Mtanzania, na akapewa nishani ya jina la Msenegali aliyekufa akiwaokoa Wanyarwanda. Tena Januari 2025 askari wa Malawi, Tanzania na Afrika ya Kusini waliuawa katika mapigano karibu na Goma. Wengi wa watu wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo sasa ina watu zaidi ya 50,000, wametoka Kongo, na wamo waliokimbia vita hivyo vya mashariki. Kwa hiyo mama wa Kivu afungapo ua jeusi juu ya duara la Malawi hafanyi kazi ya kujipendekeza kwa wenyeji. Anao wafu anaowadai machozi katika nchi zote mbili. Naye mke wa askari aliyeko Area 47, ambaye mumewe aliwahi kutumwa huko, akinunua utepe kwa fundi cherehani wa Dzaleka, hanunui pambo tu.

NAMNA YA KULIWEKA

Shada la sikukuu litundikwe mlangoni au ukutani, mbali na jiko, mshumaa na taa ya mafuta, kwa maana nyasi na maganda makavu hushika moto upesi. Shada la kumbukumbu hubebwa kwa mikono miwili, huwekwa polepole, na mwekaji hurudi hatua tatu nyuma bila kugeuza mgongo. Aliyevaa sare hupiga saluti. Raia husimama wima na kunyamaza kitambo. Kwenye mnara wa serikali hakuna mtu awekaye shada bila ruhusa ya wenye kuandaa sherehe. Wako pia Waislamu wasiopenda kuweka maua makaburini, hao wasilazimishwe. Dua yao ni zawadi tosha, na shada lao laweza kutundikwa shuleni.

Watoto wapewe kazi ya kukunjua petali, kwa sababu vidole vyao ni vyepesi, na wakati wa kufanya hivyo waelezwe kila rangi ina maana gani. Katika nyumba iliyopoteza askari, jina la marehemu lidariziwe kwenye utepe mweupe, pamoja na mwaka wake, na mwenye kulidarizi awe ni mtoto wake mkubwa ikiwa anaweza kushika sindano. Utepe huo usifuliwe wala usibadilishwe pamoja na nyingine. Sikukuu zikiisha mwishoni mwa Julai, shada livikwe mfuko wa kitambaa, litundikwe mahali pakavu pasipofikiwa na panya, lingoje mwaka mwingine.